Leseni Ukutani, Probu Mkononi

Eksirei iliyopigwa Moshi leo inaweza kusomwa kesho na bingwa aliye Dar es Salaam, na wiki ijayo na mwingine ambaye hajawahi kumwona mgonjwa, na wote wakabishana juu ya kivuli kilekile cha pafu. Utrasaundi haitoi nafasi hiyo. Aliyeshika probu ndiye anayeamua aipitishe wapi, ailaze kwa pembe ipi, akandamize kiasi gani na asimamishe picha sekunde ipi. Pale asipopapitia hapataonekana tena na mtu yeyote, hata picha zilizochapwa zikifikishwa kwa bingwa gani. Ndiyo maana naona swali la nani anaruhusiwa kushika probu, na tunajuaje kwamba anaiweza, ni zito kuliko swali la mashine gani imenunuliwa. Nitalifuata kwa kazi moja ya kila siku: kumpa mama mjamzito tarehe ya matazamio ya kujifungua.

Mkazi wa Njoro amebahatika mahali alipo. Kata yake imo ndani ya Manispaa ya Moshi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi iko mjini, na KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, iko upande wa mlimani. Zaidi ya hizo kubwa, vyumba vya utrasaundi vimeenea mijini kote nchini, na sababu yake ni nyepesi. Eksirei inadai kuta zenye risasi na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Utrasaundi haitumii mionzi ya namna hiyo. Inaridhika na meza, kitanda, pazia na umeme usioyumba. Wepesi huo umewafaa akina mama wengi, na umefanya pia mashine ifike mahali ambapo mkono wenye ujuzi haujafika.

Mashine yenyewe hufanya hesabu moja bila kuchoka. Hutuma sauti yenye mitetemo mamilioni kwa sekunde, husubiri mwangwi, kisha hupima muda uliopita. Imeambiwa kwamba sauti husafiri mwilini mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina huchukua sehemu 13 kati ya milioni moja za sekunde kwenda na kurudi. Hewa huivunja hesabu hiyo, kwa sababu sauti ikikutana nayo hurudi karibu yote. Kazi ya jeli ni kuiondoa hewa kati ya ngozi na probu. Mfupa nao huizuia. Ian Donald na wenzake wa Glasgow, waliochapisha picha zao za kwanza za tumbo mwaka 1958, walianza na kifaa cha viwandani cha kutafutia nyufa ndani ya chuma, na hadi leo msingi wa kazi ni uleule wa kusikiliza mwangwi.

Sasa mchukue mama wa Njoro aliyefika kliniki mimba ikikadiriwa wiki 20. Mteknolojia hutafuta kichwa cha mtoto, na kukiona hakutoshi. Anatakiwa akate picha kwa kimo kimoja mahususi: fuvu lionekane kama yai, mstari wa katikati ya ubongo uwe umenyooka na kugawa pande mbili sawa, na thalamasi zionekane mbili, huku na huku. Ubongo wa nyuma ukijitokeza kwenye skrini, probu imeinama mno na kipimo kitakuwa cha kitu kingine. Mtoto hatulii akingoja. Akigeuza uso chini, unamwomba mama alale ubavu, unasubiri, unaanza upya. Baada ya hapo ndipo zinapowekwa alama mbili, moja kila upande wa fuvu, na mashine husoma milimita.

Katika wiki hiyo upana wa kichwa huwa karibu milimita 47, na huongezeka takribani milimita 3 kwa wiki. Maana yake ni kwamba alama ikiteleza kwa unene wa mstari mzito wa penseli, mama ameongezewa au kupunguziwa siku kadhaa; ikiteleza milimita 3, ni wiki nzima. Kwa hiyo mtaalamu makini haishii kwenye upana. Hupima mzingo wa kichwa, hupima mfupa wa paja ukiwa umelala wote mbele ya sauti, hupima mzingo wa tumbo pale tumbo la chakula na mshipa wa kitovu vinapoonekana pamoja, bila kukandamiza probu hadi duara likawa yai. Vipimo vinne vikikubaliana, vizuri. Kimoja kikijitenga, hurudia hicho kabla ya kuamini wastani ambao mashine imeutoa kwa ukarimu mno.

Kuna jambo lingine ndani ya mashine ambalo wengi hawalitazami: majedwali. Mashine haijui umri wa mimba. Inalinganisha milimita na jedwali lililopakiwa kiwandani. Majedwali ya Hadlock, yanayotumika sana duniani, yalitokana na wanawake wa Houston, Texas. Kwa kukisia tarehe mapema, tofauti ya jamii si kubwa, kwa kuwa watoto wa binadamu hukua karibu sawa katika nusu ya kwanza ya mimba. Kwa uzito wa mtoto miezi ya mwisho, mambo hubadilika, na ndiyo sababu watafiti waliofanya kazi Korogwe, Tanga, walichapisha mwaka 2012 chati ya uzito iliyotokana na akina mama wa huko. Mteknolojia anayejua jedwali gani limo ndani ya mashine yake ameshapiga hatua ambayo cheti hakiulizi.

Uzoefu wa kliniki zetu unaonyesha kosa kubwa zaidi liko kwingine, nalo ni la kadi. Mama alipimwa wiki ya 12, akapewa tarehe. Akapimwa wiki ya 26 mahali pengine, akapewa tarehe ya pili. Wiki ya 36 akapimwa tena, ikaandikwa ya tatu. Nyumbani watu wakasema utrasaundi inadanganya. Haikudanganya. Katika miezi mitatu ya kwanza, urefu wa mtoto kutoka kichwani hadi makalioni hukisia umri kwa tofauti ya siku 5 hadi 7. Katikati ya mimba tofauti hufika siku 10 hivi. Miezi ya mwisho hufika wiki 3, kwa sababu watoto wameshaanza kuachana kwa ukubwa kama watu wazima wanavyoachana. Tarehe ya kwanza iliyopimwa vizuri ndiyo inayobaki. Vipimo vya baadaye kazi yake ni kuuliza kama mtoto anakua, na anayeibadilisha tarehe kwa kipimo cha wiki ya 36 huenda amemfuta mtoto aliyedumaa tumboni na kumwita mtoto wa mimba changa zaidi.

Hapo ndipo milimita hugeuka uhai. Sindano za kukomaza mapafu ya mtoto zinasaidia pale mama anapokaribia kujifungua kabla ya wakati, na Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2015, liliweka sharti kwamba umri wa mimba uwe umejulikana kwa uhakika. Sharti hilo halikutoka hewani. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa katika nchi sita, Kenya ikiwemo, ambako sindano hizo zilisambazwa hadi ngazi za chini na umri wa mimba mara nyingi ukikadiriwa kwa kupima kimo cha tumbo la uzazi kwa utepe. Kwa jumla ya watoto wote, vifo viliongezeka. Mwaka 2016 shirika hilohilo likapendekeza kila mjamzito apate utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kwa mama mwingine wa Njoro anayeanza kliniki mwezi wa saba wa mimba, dirisha hilo limeshafungwa, na hakuna mashine ya kulifungua.

Basi nani anapewa probu? Tanzania njia ya kawaida hupitia radiografia nzima. Kijana wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo ya sayansi huingia stashahada ya miaka mitatu, chini ya mfumo wa ngazi za NACTVET, katika vyuo kama kile cha Bugando, Mwanza, akajifunza eksirei na utrasaundi kwa pamoja. Wengine huendelea na shahada. Akihitimu, sheria ya mwaka 2007 ya wataalamu wa radiolojia inamtaka asajiliwe na Baraza la Wataalamu wa Radiolojia kisha awe na leseni ya kufanya kazi, ambayo huhuishwa. Leseni hiyo ndiyo unayoiona imebandikwa ukutani, na mgonjwa ana haki ya kuitazama.

Moshi ina historia yake katika jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1980, daktari Helmut Diefenthal, bingwa wa radiolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi Minnesota, Marekani, alikuja KCMC kujenga idara ya radiolojia. Mabingwa nchini walikuwa wachache mno kuweza kufika wilayani. Jibu lililopatikana lilikuwa kuwachukua madaktari wasaidizi, watu waliokwisha kugusa wagonjwa kwa miaka, na kuwafundisha miaka miwili kusoma eksirei na kufanya utrasaundi wao wenyewe, kisha kuwarudisha katika hospitali zao. Nauheshimu uamuzi huo, kwa sababu uliunganisha mkono unaopima na kichwa kinachojua maana ya ugonjwa. Mteknolojia anayepima bila kuelezwa mgonjwa anaumwa nini anafanya kazi gizani, na fomu nyingi za rufaa bado zina neno moja tu: "Utrasaundi."

Kampala wamechukua njia tofauti. Ndani ya Hospitali ya Mengo kuna Taasisi ya Ernest Cook, ambayo kwa uongozi wa Profesa Michael Kawooya imeifundisha utrasaundi kama fani kamili, kuanzia ngazi ya cheti. Marekani, tangu mwaka 1975, shirika la ARDMS hutahini fizikia ya sauti na eneo la mwili, na siku hizi mtihani hufanyika kwenye kompyuta. Uingereza, ajabu, jina la kazi hiyo halilindwi na sheria. Kinachokaguliwa ni kozi. Kila mfumo umejaribu kukamata kitu ambacho ni kigumu kukamatwa, yaani mkono wa mtu mmoja, mbele ya mgonjwa mmoja, akiwa amechoka.

Uchovu huo ni sehemu ya kazi. Bega la mkono unaoshika probu huuma, kwa kuwa mkono hukaa umeinuliwa kwa saa nyingi, na kiti kibovu hulipwa kwa shingo. Umeme wa TANESCO ukikatika katikati ya kipimo, chumba kisicho na betri ya akiba hulazimika kuanza upya. Mama wa mimba changa ameambiwa anywe maji kibofu kijae, foleni imemchelewesha, na sasa hawezi kuvumilia tena. Mzee wa tezi dume anaingia, "Shikamoo baba," naye ana haya mbele ya kijana wa umri wa mjukuu wake. Probu ifutwe kati ya mgonjwa na mgonjwa, kila mara, hata jeli ikiwa inaisha.

Halafu huja kile kimya. Kiinitete kimeonekana, mapigo hayaonekani. Kanuni hapa ni ya milimita tena: kwa kipimo cha njia ya uke, kiinitete kikifika milimita 7 bila mapigo, mimba imeharibika, kikiwa chini ya hapo, mama hurudi baada ya wiki moja au zaidi, na hakuna mwenye ruhusa ya kutamka neno. Anauliza, "Dada, mtoto wangu yupo?" Mteknolojia mwema hamdanganyi wala hamtupi, humwambia amwone daktari leo, na yeye mwenyewe hutembea hadi kwa daktari huyo akiwa na ripoti mkononi.

Na ripoti bila huduma nyuma yake haiokoi. Utafiti wa First Look, uliofanyika Kongo, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala, uliwafundisha wauguzi, wakunga na maofisa tabibu utrasaundi kwa wiki mbili, ukawafuatilia kwa usimamizi, ukawapa mashine. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba vifo vya mama na mtoto havikupungua. Watu hao walijifunza kupima vyema. Njia ya kutoka kwenye kipimo hadi kwenye chumba cha upasuaji ndiyo ilibaki kama ilivyokuwa.

Moshi, ambako njia hiyo ni fupi, inaweza kufanya kitu ambacho wilaya nyingi haziwezi, yaani kuupima mkono baada ya leseni. KCMC ina rejista ya uzazi iliyoanza kukusanya taarifa za kila mzazi mwaka 2000, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, na tafiti zake nyingi zimetumia umri wa mimba uliohesabiwa kutoka hedhi ya mwisho. Mteknolojia wa Njoro akiandika katika daftari lake tarehe aliyompa kila mama aliyempima kabla ya wiki ya 24, kisha akapata kutoka wodini tarehe ambayo uchungu ulianza wenyewe, mama mmoja hatamwambia chochote, maana uchungu wa kawaida hutapakaa wiki mbili huku na huku. Akifikisha mama hamsini, wastani utaanza kusema. Ukiegemea wiki nzima upande mmoja, aanze kwa kukagua jedwali lililomo ndani ya mashine, kisha pale anapoweka alama kwenye fuvu.