Sifa za Wakili wa Mashauri Yote

Miongoni mwa kazi zinazosifiwa chini ya stahili yake, sioni iliyodhulumiwa kuliko ya wakili wa mji mdogo, ambaye asubuhi humtetea mshitakiwa wa wizi wa mbuzi, adhuhuri huandika wosia, na alasiri, kabla jua la Lodwar halijalegea, hutakiwa atoe rai juu ya milki isiyoshikika kwa mkono: wimbo, nakshi, jina la duka au picha. Wenzake wa Nairobi huweza kujifunga na milki hiyo peke yake wakaachana na mengine. Yeye hana nafasi hiyo. Nami nashikilia kwamba uhodari wake katika mashauri haya haumo katika ufasaha wa kusimama mbele ya jaji, bali katika subira ya kutenga haki na haki kabla wino haujagusa hati ya madai.

Tuseme mama mmoja amesafiri kutoka Kaaleng, kule kaskazini mwa Turkana, na mkononi ana kalenda iliyochapwa mjini. Jani la Machi lina sura yake, shingo imejaa shanga, na magotini pana kikapu alichokisuka mwenyewe kwa majani ya mkoma. Alalamika kwamba picha yake imeibwa. Wakili mwenye pupa angedai hakimiliki siku ile ile, na angeshindwa, kwa kuwa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 picha ni ya aliyeipanga na kuipiga, wala si ya aliyepigwa. Wakili fundi huigeuza kalenda ile polepole akaona humo haki tatu zenye wenyewe watatu. Picha ni ya mpigaji. Sura ni ya mama, nayo hulindwa na haki ya faragha iliyomo katika Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, pamoja na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Nakshi ya kikapu ni taabu zaidi, maana hakimiliki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, ilhali nakshi iliyorithiwa kwa mabibi haina mtunzi mmoja anayetajika. Na hataza hudai upya, jambo ambalo kitu kikongwe hakiwezi kulidai. Hapo ndipo sheria ya 2016 ilindayo maarifa ya jadi na sanaa za kimila huingia kwa heshima: humpa haki mwenye jadi, yaani jamii, bila kushurutisha usajili kwanza, ingawa kaunti zimepewa kazi ya kuweka daftari. Kwa hiyo hata jina la mdai hubadilika.

Mlango wa kubisha nao una elimu yake. Shauri la hataza huanzia katika baraza maalumu la milki ya viwanda, na rufaa yake hwenda Mahakama Kuu. Ama anayetaka kupinga alama ya biashara isisajiliwe hupewa siku 60 tangu kutangazwa kwake, na akizipoteza, ufasaha wote wa dunia haumrudishii.

Kisha huja zuio la muda, ambalo aghalabu ndilo shauri lenyewe. Tangu 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipoamua shauri la Giella dhidi ya Cassman Brown, mwombaji huulizwa kama ana dai lenye dalili ya kushinda, na kama atapata hasara isiyofidika kwa fedha. Hakimu akibaki na shaka, ndipo hupima ni upande upi utakaoumia zaidi. Mawakili wengi huyakariri maswali haya kama dua. Ni la pili linaloua maombi, kwani mtu aliyekwisha kuuza idhini ya kazi yake kwa bei fulani amekwisha kuionyesha mahakama kipimo cha hasara yake.

Mwimbaji mkimbizi wa Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992, ana hakimiliki sawa na raia, maana mkazi wa Kenya hulindwa. Wala hahitaji cheti, ila wimbo lazima uwe umeandikwa au kurekodiwa. Lakini rekodi iliyomo katika simu haiingii mahakamani kwa miguu yake: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi hudai hati ya kuuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, na wakili hodari huitayarisha ilhali mwenye simu bado yupo Kakuma na simu bado ni nzima.

Mara nyingi, baada ya matayarisho hayo yote, hapafunguliwi shauri lolote. Huandikwa barua ya madai tu. Kwa mchapaji wa kalenda barua hiyo hudai sura, kisha nakshi, na picha haigusi kabisa. Naye akijibu kwa ghadhabu kwamba picha ni halali yake, kwa sababu aliinunua kwa mpigaji, atakuwa amejibu dai asilodaiwa, tena amekiri kwa maandishi kwamba aliichapa.