Ncha ya Brashi

Hapa Miembeni, Bukoba, kitu kidogo husifiwa kwa udogo wake. Mtu akichonga meli ya mbao ya kuweka juu ya kabati, watu humpongeza kwa kuwa hakusahau hata dirisha moja. Mimi naona sifa hiyo haitoshi. Ningependa tutazame kwanza mistari ya rangi: imetulia, au inatetemeka?

Wengi huamini kwamba kazi ndogo hutaka brashi nyembamba kupita zote. Sivyo. Brashi yenye nywele chache hubeba rangi kidogo mno. Humkaukia mchoraji kabla hajamaliza herufi moja, na kila achovyapo upya, unene wa mstari hubadilika. Brashi ifaayo ina tumbo la kuhifadhi rangi na ncha iliyochongoka. Tena, ndugu msomaji, usitegemee namba iliyo kwenye mpini, kwani kila kiwanda kina vipimo vyake. Ichovye katika maji safi, uikung'ute, uone kama nywele zitajikusanya kuwa ncha moja. Zikiachana, irudishe. Kwa rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini, nywele laini zafaa kuliko za nguruwe, ambazo ni ngumu na huacha michirizi.

Lakini hata brashi njema haimwambii mtu wapi pa kukoma. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 na kufariki 1972, alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Aghalabu alichora mnyama mmoja, akaacha nafasi wazi kumzunguka. Katika picha nyingi za waliomfuata, madoa na majani yamejaa hata mnyama mwenyewe haonekani vizuri. Mkono ni hodari, ila umekosa kiasi.

Kwetu jambo hili si mchezo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Anayechonga mfano wa meli hiyo ana herufi nane tu za kuandika ubavuni. Dirisha lililosahauliwa naweza kulisamehe. Jina lililovurugika siwezi, maana mtu aliyefiwa akisogea kutazama, hilo ndilo atakalolisoma kwanza.