Oili, Kijiti na Chujio: Uhakiki wa Maelekezo ya Kutunza Injini

Msomaji wetu mmoja, ambaye ni mwalimu, ametuletea maelekezo ya kurasa nne juu ya kupima na kubadili oili ya gari dogo, yaliyofasiriwa kwa Kiswahili na ofisi moja kwa ajili ya madereva wake. Alitaka tuyapime. Tumeyasoma mara mbili. Mara ya kwanza tuliyasoma mezani, tukiwa na kamusi. Mara ya pili tuliyasoma Mkuyuni, katika milima ya Uluguru, mbele ya gari lililofunguliwa boneti, pamoja na dereva na fundi wa hapo. Hukumu hazikuwa sawa. Mezani tuliona kasoro chache za sarufi. Mkuyuni tuliona kwamba mtu akitii kila neno kama lilivyoandikwa, aweza kuiua injini. Uhakiki huu wahusu tofauti hiyo.

Agizo la kwanza lasema: "Hakikisha mafuta kila asubuhi." Dereva alipolisoma alitazama mshale wa dashibodi, akajibu: "Yapo, nusu tangi." Hakukosea. Kwa dereva, mafuta yasiyo na sifa ni petroli au dizeli. Neno hili ni pana mno: kuna mafuta ya nazi, ya taa, ya kupaka na ya breki. Upana huo ni utajiri katika mazungumzo, lakini katika injini ni hatari. Bila shaka mfasiri alilikwepa neno "oili" kwa kuliona la kigeni. Lakini katika ukurasa huohuo ameandika injini, breki na petroli bila wasiwasi. Hao nao walikuwa wageni waliokwisha kupewa uraia. Oili ina maana moja kwa dereva na kwa fundi, basi na isemwe oili. Neno "vilainishi" libaki kuwa jina la kundi zima, pamoja na grisi, kama litumikavyo katika nyaraka za serikali. Kadhalika, oili haihakikishwi, hupimwa.

Agizo la pili lasema: "Simamisha gari katika tambarare." Kwa kamusi, halina dosari. Lakini Mkuyuni iko upande wa mashariki wa Uluguru, katika barabara itokayo Morogoro mjini kupita Kiroka kuelekea Matombo, na huko tambarare ni nchi ya chini. Fundi alituuliza kwa adabu: "Ndugu zangu, tushuke nalo hadi wapi?" Injini haihitaji nchi tambarare; yahitaji magurudumu manne yaliyo katika usawa mmoja, na ua wa shule watosha. Sababu ni rahisi. Gari likisimama, oili hukusanyika katika bakuli lililo chini ya injini. Gari likiinama, oili huhamia upande mmoja, na kipimo husema uongo. Mwenye gari akidanganywa kwamba oili imepungua, ataizidisha. Oili iliyozidi hupigwa na sehemu zizungukazo ikawa povu, na povu halilainishi vizuri. Akidanganywa kwamba imetosha, pampu huweza kufyonza hewa, na vyuma vikasagana. Kwa hiyo tungesema: "Simamisha gari mahali pa usawa, pasipo mwinamo."

Kifaa cha kupimia kimeitwa "fimbo ya kuchovya." Hapa mfasiri amefasiri vipande vya neno la Kiingereza, hakufasiri kitu chenyewe. Fimbo ni ya mchungaji. Tena, anayesoma "kuchovya" hutarajia kuanza kwa kutumbukiza, ilhali kifaa hiki hukaa ndani ya injini, na tendo la kwanza ni kukichomoa. Mafundi wengi husema "dipstiki," nasi hatuwalaumu. Katika maandishi twapendekeza "kijiti cha oili." Wako watakaopinga kwamba kijiti ni cha mti na hiki ni cha chuma. Twawajibu kwamba wakimbiaji hupokezana vijiti visivyo vya mti, na katika zahanati zetu akina mama huwekewa kijiti cha uzazi wa mpango ambacho hakikutoka msituni. Neno limekwisha kutanuka kwa matumizi ya watu.

Mfasiri ametumia "kiwango" kwa mambo mawili. Katika sentensi moja ameandika: "Ongeza oili ya kiwango hadi ifike kiwango." Kiwango cha kwanza ni ubora, cha pili ni kimo cha oili kijitini. Kiswahili kina neno "kima" kwa hilo la pili, nalo lingewaondolea wasomaji mashaka: kima cha oili kiwe kati ya alama ya chini na alama ya juu.

Suala la "uzito" lataka uangalifu zaidi. Mfasiri ameeleza kwamba maandishi 20W-50 yaliyo katika kopo ni "uzito wa oili," na kwamba W husimama badala ya uzito. Sivyo. Herufi hiyo yatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi: namba iliyo mbele yake hueleza tabia ya oili injini inapokuwa baridi, na namba ya pili hueleza tabia yake katika joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Kinachopimwa ni mnato, yaani ukinzani wa oili dhidi ya kutiririka. Hata oili nzito huelea juu ya maji, kwa hiyo mizani haitatuambia neno. Hata hivyo hatuwezi kumcheka dereva asemaye "oili nzito." Mama asemaye uji mzito hasemi habari ya kilo. Uzito wa namna hiyo ni Kiswahili safi, na dereva aendelee nao. Mfasiri wa maandishi ya ufundi, ambaye aya ya pili atahitaji uzito wa kilo, hana budi kutumia "mnato."

Kosa kubwa kuliko yote limejificha katika neno lisilo na kosa. Maelekezo yasema: "Ondoa chujio, lioshe, lirudishe." Chujio ni istilahi nzuri, na kila mwenye jiko alijua. Katika Volkswagen ya zamani, ile iliyoitwa kobe, ambayo ilikoma kutengenezwa huko Mexico mwaka 2003, agizo hilo lilikuwa sahihi: chujio lake lilikuwa la wavu wa waya, nalo lilioshwa. Katika magari mengi madogo ya leo chujio ni karatasi iliyofungiwa ndani ya mkebe. Haliwezi kuoshwa likafaa, bali hutupwa na kuwekwa jipya. Istilahi imebaki, kitu kimebadilika. Mfasiri alinakili agizo la gari jingine bila kutazama gari lililo mbele yake.

Mwisho, mfasiri amefuata lugha ya gereji akaandika: "Mwaga oili chafu." Mafundi husema kumwaga oili kwa maana ya kuibadili, na wao kwa wao huelewana. Lakini karatasi hii imeandikiwa asiye fundi, naye akiambiwa amwage, atamwaga chini. Mito ya mashariki ya Uluguru huingia katika mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Lugha yetu ina kitenzi "kinga": hukinga maji ya mvua, na tunaweza vilevile kukinga oili. Kitenzi hicho chaeleza chombo kabla chombo hakijatajwa.

Kwa haki, maelekezo haya yana mema yake. Sentensi ni fupi, na onyo la kutoingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake limewekwa mwanzoni, mahali pake hasa. Kwa hiyo hatusemi yatupwe. Twapendekeza sehemu yenye kasoro isomeke hivi:

"Simamisha gari mahali pa usawa. Zima injini, ungoje dakika kumi. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe hadi mwisho, ukichomoe tena. Kima kiwe kati ya alama mbili. Ukibadili oili, weka beseni chini ya injini, fungua bolti, ukinge oili chafu. Weka chujio jipya. Funga bolti, tia oili mpya yenye mnato ulioelezwa na mtengenezaji. Washa injini kwa muda mfupi, uzime, tazama kama inavuja, kisha pima tena."

Tuliwasomea maneno haya dereva na fundi wa Mkuyuni. Dereva alikwenda moja kwa moja kwenye kijiti. Fundi aliomba jambo moja tu, kwamba baada ya "chujio" tuandike "filta" kwa mara ya kwanza, ili kijana atumwaye dukani asirudi na chujio la chai. Tumelikubali, na twawaomba wafasiri wenzetu wafanye vivyo hivyo: kabla ya kupeleka maelekezo kwa mpigachapa, wamsomee atakayeyatumia, wamtazame mikono.