Alec Raisbeck na Kazi ya Kiungo wa Kati katika Mfumo wa 2-3-5

Alec Raisbeck, aliyezaliwa Polmont nchini Uskoti mwaka 1878 na kuichezea Liverpool kuanzia 1898 hadi 1909, huhesabiwa miongoni mwa walinzi bora wa enzi yake, lakini uchezaji wake haueleweki ukipimwa kwa vipimo vya beki wa kati wa leo, kwa kuwa nafasi yake ilitegemea sheria ya kuotea ambayo imekwisha kubadilishwa.

Timu za wakati huo zilijipanga kwa mfumo wa 2-3-5, yaani mabeki wawili mbele ya kipa, viungo watatu mbele ya mabeki hao, na washambuliaji watano. Raisbeck alisimama katikati ya safu ya viungo. Mshambuliaji alihesabiwa kuwa ameotea iwapo, mwenzake anapompigia mpira, wapinzani waliobaki kati yake na mstari wa goli walikuwa pungufu ya watatu, na kwa hiyo beki mmoja aliweza kusogea mbele kuwatega washambuliaji huku mwenzake akibaki nyuma karibu na kipa, ili mtego ukishindwa awepo mtu wa kuziba pengo. Usalama huo ndio uliompa kiungo wa kati uhuru wa kupanda na kushuka uwanja mzima.

Uhuru huo, hata hivyo, ulikuwa mzigo mzito. Kiungo wa kati alitakiwa kumkaba mshambuliaji wa kati wa wapinzani, kugombea kwa kichwa mipira mirefu iliyotua katikati ya uwanja, kisha, akishaupata mpira, kuugawa kwa mawinga au kwa washambuliaji wa ndani kabla wapinzani hawajajipanga. Raisbeck hakuwa mrefu kupita kiasi, na alishinda mipira ya juu kwa kuruka kwa wakati unaofaa. Mbio zake nazo zilimwezesha kupanda na mashambulizi na bado kuwahi kurudi. Katika uwezo huo wa kurudi ndipo ubora wake ulipokuwa, kwa maana kiungo anayepanda bila kuweza kurudi huwaachia mabeki wawili kazi ya watu watatu.

Liverpool, chini ya meneja Tom Watson, ilimfanya nahodha angali kijana, nayo ikatwaa ubingwa wa Uingereza msimu wa 1900/01 ikiwa imefungwa mabao 35 tu katika mechi 34. Timu ilishuka daraja mwaka 1904, ikapanda mwaka uliofuata, na mwaka 1906 ikawa bingwa tena, safari hii Raisbeck akiwa kati ya Maurice Parry na James Bradley, na nyuma yao mabeki Alf West na Billy Dunlop. Viungo hao wa pembeni wanastahili sifa zaidi ya wanayopewa, kwa kuwa bila wao kuwabana mawinga, Raisbeck asingeweza kuondoka katikati.

Mechi 7 kati ya 8 alizoichezea Uskoti zilikuwa dhidi ya Uingereza, ya kwanza ikiwa ile ya Aprili 1900 mjini Glasgow, ambapo Uskoti ilishinda 4-1. Mshambuliaji wa kati wa Uingereza siku hiyo alikuwa G. O. Smith, mchezaji aliyesifika kwa pasi kuliko kwa nguvu, na kumkaba mtu wa namna hiyo kulidai kusoma pasi kabla haijapigwa.

Mwaka 1925 sheria ilipunguza wapinzani waliohitajika kutoka watatu hadi wawili, mtego wa beki mmoja ukawa hatari, na Herbert Chapman wa Arsenal akamrudisha kiungo wa kati katikati ya mabeki awe mlinzi wa tatu. Raisbeck, ambaye alikuwa amemalizia uchezaji wake Partick Thistle, aliyakuta mabadiliko hayo akiwa meneja wa Bristol City, klabu aliyokuwa ameipandisha kutoka Daraja la Tatu Kusini mwaka 1923 chini ya sheria ya zamani, na akaipandisha tena mwaka 1927 chini ya sheria mpya.