Si Nzito, Inachelewa

Jirani yangu hapa Tanga, mzee mstaafu, ana sanduku la kanda za taarabu: Black Star, Lucky Star, na harusi za mtaani ambazo hata waimbaji wake hawakumbukwi tena. Mwaka huu ameamua kuzihamishia kwenye kompyuta kabla ukungu haujazimaliza. Ana redio kaseti, waya wenye jeki pande zote mbili, laptopu ya mtumba na programu ya bure ya Audacity. Lakini kila alichorekodi kilitoka na mipasuko: tap, tap-tap, kama tone la maji kwenye mafuta ya moto.

Nilipoitwa, mzee alikuwa ameshahangaika. Hedi ya redio ameisugua kwa spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe. Fundi alimwambia kompyuta ni nzito, aongeze RAM kutoka GB 4 hadi 8. Akalipa, ikaongezwa, na mipasuko ikabaki vilevile. "Mwanangu, mimi nadhani kanda zimekufa," akaniambia.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote nilimwomba turekodi dakika tatu za mwanzo za kanda moja, mara mbili. Ni jaribio la bure, na sijui kwa nini mafundi wengi hawalifanyi. Kama mpasuko umo kwenye mkanda, utatokea pale pale katika nakala zote mbili. Nikaandika kwenye karatasi. Nakala ya kwanza ilipasuka kwenye sekunde ya 38, ya 71, ya 72 na ya 140. Ya pili kwenye 15, 52, 109 na 163. Mipasuko ilihamahama, kwa hiyo mkanda na hedi nikaviondolea lawama. Kisha nikacheza nakala moja mara mbili mfululizo: safari hii ilirudia mahali pale pale. Basi uharibifu ulikuwa unatokea wakati sauti inaingia kompyutani, ukishahifadhiwa ndani ya faili haubanduki.

Hapo watu hukimbilia Task Manager, nami nilikimbilia. Prosesa ilikuwa inatumika asilimia 12 tu. Nilifunga programu mbili tatu zinazojiwasha zenyewe, pamoja na ya kupakua filamu aliyoiweka mjukuu, lakini haikusaidia kitu. Mzee akanionyesha audiodg.exe, akauliza kama si kirusi. Si kirusi, maadamu faili lake linakaa ndani ya folda ya System32. Tangu toleo la Vista, Windows huifanyia hapo kazi ya kuchanganya sauti, ili ikiharibika isiangushe mfumo mzima. Kuna wanaoifunga kwa hasira, kisha wanashangaa kompyuta imekuwa bubu. Nilichofanya ni kuzima vikorombwezo vya sauti vilivyowekwa juu yake, besi ya kuongezwa na mwangwi wa ukumbini, kwa sababu anayerekodi kumbukumbu havihitaji. Mipasuko haikujali.

Ile asilimia 12 ndiyo inayopoteza watu. Kwa kawaida Windows hupitisha sauti kwa vipande vya milisekunde 10. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kila kipande ni sampuli 480, na kila kimoja kina saa yake ya kufika. Picha ya video ya fremu 25 kwa sekunde ina milisekunde 40, na fremu moja ikiruka jicho linasamehe. Sikio halisamehe: kipande kikikosekana, mawimbi yanakatika ghafla, na huo mkato ndio "tap" yenyewe. Kompyuta inaweza kukaa karibu bure sekunde nzima, ikachelewa mara moja tu ndani yake, na Task Manager ikaonyesha wastani mzuri kabisa.

Nani basi anachelewesha? Kifaa kama kadi ya WiFi kinapotaka huduma, hukatiza prosesa. Draiva yake hufanya jambo la haraka, kisha huacha kiporo cha kazi ambacho Windows hukitanguliza mbele ya programu zote za kawaida, hata ya sauti. Microsoft huwaelekeza waandishi wa draiva kwamba kiporo cha namna hiyo kisizidi maikrosekunde 100. Nikawasha LatencyMon, programu inayopima viporo hivyo, nikaiacha dakika kumi. Kikubwa kuliko vyote kilifika milisekunde 14, kwa jina la ndis.sys.

Ndis.sys ni lango tu, shughuli zote za mtandao hupita hapo. Mkosaji husimama nyuma yake. Nikazima WiFi, kukawa kimya. Nikaiwasha, tap-tap. Nikarudia mara tatu, maana mara moja huwa ni bahati.

Uhasama wa mtandao na sauti ni wa zamani. Vista ilipotoka mwaka 2007, watumiaji waligundua kwamba wakicheza muziki, kunakili mafaili kupitia mtandao kunapungua kasi. Mark Russinovich wa Microsoft akaeleza kwamba mfumo ulikuwa umebana mtandao kwa makusudi, pakiti 10 kwa milisekunde, ili sauti isikatike.

Mzee akapinga: yeye hafungui intaneti anaporekodi. Kweli, lakini kadi haingoji aifungue. Kila baada ya muda hupekua hewani kuona mitandao iliyopo. Na draiva iliyokuwapo ilikuwa ya jumla, iliyojiweka yenyewe fundi alipopiga Windows upya. Nikaishusha ya modeli ile kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, nikizikwepa zile programu zinazojidai kutafuta draiva zote kwa kubofya mara moja. Kiporo kikashuka chini ya nusu milisekunde. Hata hivyo nimemwambia azime WiFi kila anaporekodi, haimgharimu kitu.

Tukarekodi tena, mara mbili, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Ukabaki mpasuko mmoja, dakika ya nne na sekunde ya sita, katika nakala zote mbili. Nikachukua spiriti na pamba.

"Weka chini," mzee akasema. "Hapo mkanda ulikatika, nikaunga kwa selotepu."