Nyumba Njema si Mlango: Kuusoma Msonge wa Kasubi

Katika vijiji vya Masafu, wilayani Busia, msonge wa nyasi ungali unaonekana kando ya nyumba za mabati. Wanafunzi wanapouandikia insha huuita "kibanda" na kuishia hapo. Hoja yetu ni kwamba neno hilo linaficha usanifu mzima. Ushahidi mkubwa tulio nao Uganda ni Muzibu-Azaala-Mpanga, jumba la Kasubi jijini Kampala.

Jumba hilo lilijengwa mwaka 1882 likiwa ikulu ya Kabaka Muteesa I, likawa kaburi lake alipofariki mwaka 1884. Makabaka wanne wamezikwa humo. Upana wake ni takribani mita 31, na kimo mita 7.5. Ukiwa nje huoni ukuta, kwani paa hushuka hadi karibu na ardhi. Ndani, nguzo huvishwa nguo ya magome, na darini mna pete 52 zinazowakilisha koo 52 za Buganda. Nyuma ya pazia la magome mna makaburi, na sehemu hiyo huitwa Kibira, yaani msitu. Hapo ndipo twaona ustadi wake: nyasi, miti na magome humwongoza mgeni hatua kwa hatua mpaka msituni.

Kati ya 1938 na 1940 jumba lilitiwa nguzo za zege. Tarehe 16 Machi 2010 likateketea. Lilijengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Je, ni jumba lile lile? Twajibu kwamba ndilo, maadamu nyasi huoza na tangu zamani zilibadilishwa, kazi ya waezekaji wa ukoo wa Ngeye. Zege twaikubali kwa usalama, ila tuna shaka nayo: nguzo ya mti isiyobeba kitu hugeuka pambo. Ujuzi wa kuezeka ukikatika, hata jengo lililo imara litabaki sanamu tu.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu wawapeleke wanafunzi kwa wazee wanaoezeka, wakusanye msamiati kwa Lusamia na Kiswahili: kombamoyo, pau, fito, kuezeka, kuezua. Mwanafunzi aliyeyajua maneno hayo hataandika "kibanda" tena bila kufikiri.