Mwisho Baada ya Mwisho: "Lamb to the Slaughter" kutoka Ukurasani hadi Runingani

Hadithi fupi ya Roald Dahl, "Lamb to the Slaughter", iliyochapishwa mwaka 1953, huainishwa miongoni mwa hadithi zenye mwisho wa kushtukiza. Uainishaji huo una walakini. Msomaji anamshuhudia Mary Maloney akimpiga mumewe, askari polisi, kwa paja la kondoo lililoganda; hakuna siri ya muuaji iliyobaki kufichuliwa. Kinachoshtua ni hatima ya silaha: polisi wanaoitafuta ndio wanaoila, ikiwa imeokwa, tena kwa kusihiwa na mjane mwenyewe. Hicho ni kinaya zaidi kuliko ufichuzi.

Toleo la runinga lililoongozwa na Alfred Hitchcock na kurushwa mwaka 1958 katika mfululizo wa Alfred Hitchcock Presents, kwa mswada wa Dahl mwenyewe, linahifadhi kinaya hicho karibu chote. Askari wanatafuna, kamera inamwonyesha Mary ameketi peke yake, naye anatabasamu. Mchezo ungeweza kukomea hapo. Hata hivyo Hitchcock, ambaye pia ni mtambulishaji wa mfululizo, anajitokeza na kueleza kwamba Mary alinaswa baadaye alipojaribu kumwua mume wa pili kwa njia ileile: mume huyo alisahau kuunganisha friza na umeme, na nyama ikawa laini.

Ni rahisi kuihukumu nyongeza hii kuwa ni kujisalimisha kwa maadili ya runinga ya Marekani ya wakati huo, yaliyotaka mhalifu aonekane ameadhibiwa. Hukumu hiyo ni sahihi nusu tu. Adhabu inayoletwa na nyama iliyoyeyuka ni mzaha, na inasimuliwa bila chembe ya tabasamu; mtazamaji haondoki akiamini kwamba sheria imeshinda. (Aliyelelewa na ngano zinazofungwa kwa funzo ataitambua hila hii: umbo la funzo lipo, funzo lenyewe halipo.)

Hasara halisi iko mapema zaidi, mahali ambapo uhakiki unaokodolea macho dakika za mwisho haufiki. Katika maandishi, maneno ambayo mume anamwambia Mary yanarukwa. Msomaji hulazimika kuliziba pengo hilo mwenyewe, na akishaliziba huwa tayari ni mshirika wa Mary kabla ya pigo. Runingani mume anatamka wazi kwamba anataka kumwacha kwa ajili ya mwanamke mwingine. Mary anapewa sababu inayoeleweka na kila mtu, na tabasamu lake la mwisho linakuwa la mke aliyelipiza kisasi. Ukurasani, kicheko kinachosikika kutoka chumba cha pili ni cha mtu ambaye msomaji hakuambiwa kamwe aliumizwa kwa maneno gani.